Jino la pembe

Kila baada ya sala ya isha bibi yangu alikuwa akivua meno yake na kuyatia kwenye glasi ya maji, glasi ya mistari ya bluu ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyethubutu kuinywea. Mtaani kwetu Pangani umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo meno yalikesha dirishani yakimulikwa na kibatari, yakicheka peke yake. Sisi wajukuu tuliyaogopa kuliko jini. Mchana aliyavaa kwa ajili ya wageni na misiba. Kikija chakula cha maana, muhogo wa kuchoma au pweza, aliyatoa, akayafunga kwenye pindo la kanga, akatafuna kwa ufizi. Siku moja nikamuuliza: "Bibi, sasa meno yasiyotafuna ni ya nini?" Akanijibu bila kuacha kutafuna: "Mjukuu wangu, jino la pembe si dawa ya pengo."

Methali hiyo nimetembea nayo zaidi ya miaka thelathini, na sasa naibishia kwa kinywa changu mwenyewe. Upande wa kulia, chini, nina gego ambalo silo nililoota utotoni na wala halivuliwi usiku. Limekazwa kwa skrubu ya titani, aina ya metali, ndani ya mfupa wa taya. Wataalamu wanaliita kipandikizi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinipeleka kliniki alisikiliza maelezo yangu yote kutoka Mwenge mpaka Morocco, Dar es Salaam, akahitimisha: "Kumbe jino la nati." Tangu nianze kulisimulia, ndugu na marafiki hawaishi kunipigia. Liliuma? Shilingi ngapi? Linatafuna kweli? Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwanza niseme jambo kuhusu hiyo pembe. Wengi tunaichukulia methali kama fumbo tu, lakini meno ya pembe yalikuwepo kweli. Pwani hii ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu kwa misafara mpaka Bagamoyo, kisha kwa majahazi mpaka Unguja, na huko duniani mafundi walizichonga vitu vingi, meno yakiwemo. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Daktari wake, John Greenwood, alimchongea mengine kutoka pembe ya kiboko. Itazame noti ya dola moja uone alivyobana midomo. Yule mzee na bibi yangu wangeelewana vizuri sana.

Shida ya meno ya namna ile, ya pembe au ya plastiki, ni kwamba yanakaa juu ya ufizi kama kofia juu ya kichwa. Hayana mzizi. Na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasubiri matokeo ya kidato cha sita, gego la chini lilipoanza kunila usiku. Ni lile la kwanza kabisa, linalootaga mtoto akiwa na miaka sita hivi, ambalo wazazi wengi hudhani ni la utoto na litang'oka lenyewe. Haling'oki lenyewe. Langu lilikuwa na tundu ambalo nililizoea, nikawa nalisafishia kijiti cha kiberiti. Nilikwenda hospitali moja, nikakaa kwenye benchi toka alfajiri, na ilipofika zamu yangu tabibu aliangalia kwa sekunde chache akauliza: "Tunang'oa, au unarudi nalo nyumbani?" Sikujua kwamba kuna jibu la tatu. Sikujua kwamba mzizi unaweza kusafishwa, ukazibwa, na jino likabaki kazini miaka mingi. Simlaumu sana yule bwana. Mle chumbani kulikuwa na kiti, taa, sindano za ganzi na koleo. Vifaa vya kutibu mzizi havikuwepo. Lakini hata kuniambia kwamba mahali pengine vipo? Neno moja tu? Alinipa pamba niing'ate, akaniita anayefuata.

Nikaishi na pengo. Kwa kuwa halionekani nikicheka, sikulijali. Sisi Waswahili tuna tabia ya ajabu kuhusu nafasi za mdomoni: mwanya unasifiwa mpaka kwenye taarabu, mtu anaoa kwa sababu ya mwanya, lakini pengo ni la kuchekwa, na kibogoyo ndiye mtani wa kila mtu. La gegoni halina jina wala mtani. Unalisahau.

Mdomo haulisahau. Jambo hili nililielezwa miaka ishirini baadaye, nikiwa nimelala kwenye kiti cha daktari huku picha ya taya langu imewashwa kwenye kioo mbele yangu. Gego la nyuma lilikuwa limelalia upande wa pengo, kama mtu anayesinzia ndani ya daladala. Jino la juu, lililozoea kukutana na mwenzake, lilikuwa limeteremka kumtafuta. Na mfupa wenyewe ulikuwa umekonda. Mfupa unaoshika meno unaishi kwa ajili ya meno. Likitoka jino, mwili unaona hakuna sababu ya kuulisha. Karibu nusu ya upana wake huenda ndani ya mwaka wa kwanza tu, na sehemu kubwa ya hiyo inapotea katika miezi mitatu ya mwanzo. Mimi nilikuwa nimeuacha kwa miongo miwili. Kwenye picha ulionekana kama ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua, mpana chini, mwembamba juu.

Kilichonipeleka huko ni korosho. Kwa kuwa kulia kulikuwa na pengo, nilitafunia kushoto kila kitu, na siku moja kushoto nako kukapasuka. Lile lililopasuka lilizibwa, lakini nikajua sasa sina upande wa akiba.

Kliniki ya kwanza niliyoingia, ambayo sitaitaja, ilikuwa na bango la msichana mwenye meno meupe kama sahani, na ahadi ya jino jipya kwa siku moja, punguzo la sikukuu. Kuna watu ambao hali yao inaruhusu kutiwa skrubu na jino la muda siku hiyo hiyo, hilo ni kweli. Lakini yule mtu alinitajia bei kabla hajanipiga picha, kabla hajaniuliza kama nina sukari, kabla hata sijafungua mdomo vizuri. Nikaomba namba ya simu kwa adabu, nikatoka.

Ya pili nilimkuta daktari dada mmoja mtaratibu. Alianza kwa maswali mpaka nikaona kama nimefika uhamiaji. Unavuta sigara? Niliacha, nikamwambia. Lini? Kuna mtu nyumbani kwenu mwenye kisukari? Mama. Basi akanipima, siyo ile ya kutoboa kidole pekee bali na ile inayoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu iliyopita, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa inachelewesha kidonda kupona na mfupa kushika. Unatumia dawa zozote za mifupa? Unasaga meno ukiwa umelala? Hilo la mwisho nililazimika kumpigia mke wangu. Akacheka, akasema nasaga kama mashine ya Tandale.

Ndipo akachukua kalamu akachora. Chini kuna skrubu, nene kama kiini cha penseli ya seremala, ndefu milimita kumi, inayozama yote ndani ya mfupa na kuwa mzizi. Juu yake kishikizo, kipande kidogo kinachochomoza ufizini. Juu ya kishikizo ndiyo jino lenyewe la kauri. Na jirani hawaguswi. Hiyo ndiyo tofauti na daraja, ambalo ningeweza kulipata haraka zaidi, ila lingedai meno mawili ya jirani yachongwe ili yabebe la kati. La jirani mmoja lilikuwa zima kabisa. Kulikata jino zima ili kuziba kosa la miaka ishirini iliyopita, moyo ulikataa.

"Lakini daktari," nikamwambia, "chuma ndani ya mfupa, mwili hautakikataa?"

Hapo ndipo aliponisimulia habari ya sungura, na mimi nikaenda kuisoma zaidi nyumbani. Mwaka 1952, mjini Lund huko Sweden, mtafiti kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza damu inavyopita ndani ya mfupa. Alimtia sungura kijidirisha cha titani mguuni ili aweze kuchungulia kwa hadubini. Uchunguzi ulipokwisha akataka kukichomoa. Kikagoma. Mfupa ulikuwa umeota mpaka ukakikumbatia, hakuna nyama katikati, hakuna usaha. Mtu mwingine angetukana akanunua kingine. Yeye akajiuliza kwa nini. Titani ikigusana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba mno wa oksidi, na utando huo haumchokozi mtu. Chembe za mfupa zinaukaribia na kujenga juu yake kana kwamba zimekuta mfupa mwenzao.

Mwaka 1965, mjini Göteborg, Brånemark akamtilia skrubu hizo mgonjwa wa kwanza. Gösta Larsson alikuwa amezaliwa na taya lenye kasoro, na meno ya chini hana. Wenzake Brånemark kwenye taaluma walimdhihaki miaka mingi. Hoja zake zilianza kukubalika kimataifa baada ya mkutano wa Toronto mwaka 1982. Larsson alifariki mwaka 2006 akiwa bado anatafunia vipandikizi vyake. Miaka arobaini na kitu! Nimekuwa nikimfikiria sana huyu bwana. Sisi wengine tunaingia kwenye kiti tukijua mamilioni wametangulia. Yeye alitanguliwa na sungura na mbwa.

Nilipomwambia mama habari hizi, alichouliza ni kimoja: "Na huo unga je?" Kwa sababu mfupa wangu ulikuwa mwembamba mno kubeba skrubu, ilibidi kwanza uongezwe kwa unga wa mfupa, ufunikwe kwa kiwambo, yaani utando mwembamba, usubiriwe miezi mitano. Unga umetoka kwa nani? Sikuwahi kudhani nitamuuliza daktari wa meno swali la halali na haramu, lakini niliuliza, na ninakushauri ukiwa na msimamo uulize mapema. Upo unaotokana na ng'ombe, upo wa nguruwe, upo wa binadamu waliojitolea, upo wa kutengenezwa maabara. Viwambo vingi pia hutokana na nguruwe. Daktari hakushangaa wala hakucheka. Alikwenda kabatini akaleta boksi, akanionyesha maandishi: ng'ombe. Na kiwambo akaagiza cha ng'ombe pia, kikachelewa wiki mbili. Tukapanga vilevile shughuli iangukie baada ya Idd, maana dawa za kumeza mara tatu kwa siku na swaumu haziendi pamoja.

Siku ya skrubu yenyewe nilifika nikiwa nimejiandaa kwa vita. Haikuwa vita. Ganzi ilichomwa, mdomo ukawa wa mtu mwingine. Meza ya vifaa ilinikumbusha kijana wa gereji pale Ilala: misumari ya kekee imepangwa kwa ukubwa, wa kwanza mwembamba wa milimita mbili, kisha mnene zaidi, kisha mnene zaidi. Kila uliposhuka, maji baridi ya chumvi yalimwagwa juu yake, na msaidizi anayanyonya kwa mrija. Yale maji hayapo kwa ajili ya usafi tu. Msumari ukichemsha mfupa ukafika nyuzijoto 47 hivi kwa dakika moja, chembe hai zinakufa, na mfupa mfu haushiki kitu. Ndiyo sababu daktari alitoboa kidogo, akaacha, akatoboa kidogo. Chini zaidi kulikuwa na jambo jingine la kuogopa: ndani ya taya la chini mna mfereji wa mshipa wa fahamu unaoupa mdomo na kidevu hisia zake. Ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi ya siku zote. Kwenye ile picha ya pande tatu alikuwa ameuchora kwa rangi nyekundu na kuacha milimita mbili na zaidi za usalama. Hapo nilielewa kwa nini yule wa bango, aliyetaja bei kabla ya picha, alistahili kukimbiwa.

Mwisho akachukua spana. Naiita spana kwa sababu ndivyo ilivyo, kaspana ka mkono kenye vipimo, na alipokaza skrubu nilisikia *tik, tik, tik* ikipanda kwenye mfupa wa sikio. Ilipofika nyutoni-sentimita 35 ikakatika yenyewe, kama ile ya kukazia nati za gurudumu. "Imeshika vizuri kaka yangu," akasema. Maumivu ya kweli niliyapata jioni, na panadol ziliyatosha. Mashavu yalivimba siku tatu, nikala uji na mtori, wanangu wakaniita Bwana Andazi.

Kisha ni kungoja. Miezi mitatu na nusu. Kuna wakati nilihisi nimelipa pesa nyingi ili nisubiri. Nilipojaribu kuharakisha kwa sababu ya harusi ya mdogo wangu, daktari alinitazama akasema mfupa hauna harusi. Alikuwa sahihi, nikapiga picha za harusi nikiwa na pengo langu, na kama kawaida hakuna aliyeliona.

Sasa pesa. Kwa jumla, pamoja na ule unga, picha na jino la juu, ilinigharimu milioni tatu na ushee. Kadi yangu ya bima haikugusa hata shilingi. Kwa hela hiyo ningeng'ang'ana kidogo ningepata pikipiki mpya. Nimelipa kwa mafungu, nimevunja kikoba, na bado nasema wazi: kama una jino bovu ambalo bado linaweza kutibiwa mzizi, hiyo ndiyo pesa ya kutafuta kwanza. Kipandikizi ni kizuri kwa pengo. Hakiwezi kushindana na jino lililookolewa, na ninachokerwa nacho ni kliniki zinazong'oa linalotibika kwa sababu skrubu inalipa zaidi. Kwa mtu asiye na meno kabisa hesabu ni nyingine. Skrubu mbili tu za chini zinaweza kuyashika meno ya bandia yasiruke mtu akipiga chafya, na bibi yangu angezifurahia kuliko mimi ninavyolifurahia gego langu.

Jambo moja dogo ambalo hakuna aliyeniambia mpaka nilipoliona kwa binamu yangu. Yeye aliweka cha kwake nje ya nchi, kazini huko, akarudi nyumbani kwa likizo jino likaanza kucheza. Lilihitaji kukazwa tu, kazi ya dakika kumi. Lakini kila kiwanda kina kichwa chake cha skrubu na bisibisi yake, na viwanda ni mamia. Akazunguka kliniki nne Dar es Salaam, hakuna aliyekuwa na bisibisi inayoingia, na yeye mwenyewe hajui cha kampuni gani. Ni kama kununua spea ya gari usiyojua modeli yake. Kwa hiyo siku yangu nilipoona msaidizi anabandua stika ya pakiti na kuibandika kwenye faili, nikaomba ya pili. Ina jina la kiwanda, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Nimeiweka kwenye bahasha moja na cheti changu cha ndoa.

Usafi ni mswaki kama kawaida, na uzi au kijibrashi chembamba pembeni. Titani haitobolewi na wadudu, ila ufizi na mfupa unaoizunguka vinaweza kuoza kimyakimya, tena bila maumivu ya kukushtua, na skrubu nzima ikalegea. Narudi kukaguliwa kila miezi sita.

Wiki jino lilipokamilika nilikwenda Tanga kumuonyesha mama. Shikamoo haijaisha ameshanikalisha barazani, amenishika kidevu, amegeuzia uso wangu kwenye mwanga. Akalibonyeza kwa kidole, akaligonga kwa ukucha. "Halitoki?" "Halitoki mama." Akaligonga tena. Nikajua anafikiria ile glasi ya mistari ya bluu.

Usiku akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikatafunia kulia, kwa makusudi, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa kijana. Katikati ya tonge la tatu nikasikia *kraa*, sauti kubwa mpaka mama akainua kichwa. Nimekula changarawe nyingi maishani. Jino lako mwenyewe linaijua hata kabla hujaibana: kati ya mzizi na mfupa kuna utando laini wenye fahamu, unaokuonya kitu kidogo kuliko punje, na taya linasimama lenyewe. Titani imeshikana na mfupa moja kwa moja, utando huo haupo. Hakuna kilichoniambia nisimame.

"Ni jiwe?" mama akauliza, amesitisha mkono. "Hukulisikia?"

"Nimelisikia mama. Kwa sikio."

Nikatema kwenye kiganja. Ilikuwa nusu ya changarawe. Nusu nyingine sikuiona tena.